Eda Iliyonipita

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za wodi ya wazazi, kikombe cha uji mkononi, namcheka mume wangu. Ramazani alikuwa amelala chali kando ya jenereta ya hospitali, kichwa kimezama kwenye mitambo, miguu tu ndiyo inaonekana. Juu yake alisimama daktari wetu Mjerumani, mikono ya shati imekunjwa, anampa maelekezo ya ufundi asioujua. Ramazani alikuwa anaitikia "ndiyo ndugu, ndiyo ndugu," huku akifanya alichotaka mwenyewe. Jenereta ikanguruma. Daktari akapiga makofi kana kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza. Nilicheka mpaka uji ukanimwagikia magotini.

Ilikuwa siku ya kawaida, na sikuipata nyingine kama hiyo kwa muda mrefu.

Naandika haya nikiwa Guangzhou, chumbani kwangu Xiaobei, mtaa ambao Waswahili tumejazana kiasi kwamba ukipiga chafya barabarani utaombewa afya kwa lafudhi nne. Jina langu ni Tatu, mtu wa Ujiji. Niliolewa ng'ambo, ndivyo tunavyouita upande wa Kongo wa ziwa letu, na nikafanya kazi ya ukunga katika hospitali ndogo ya milimani. Ramazani alikuwa fundi wa hospitali hiyo: jenereta, mabomba, gari na redio ya mawasiliano, vyote vilikuwa vyake. Kwa miaka mingi sikutaka kusimulia mambo ya vita iliyotukuta huko. Mwaka huu nimelazimika.

Daktari aliitwa Uli. Wazee waliozoea maneno ya zamani walimwita Mdachi, na alilipenda jina hilo. Alikuwa mtu wa kutangatanga. Aliwahi kuvuka jangwa kwa pikipiki, akatibu mabaharia melini, akapanda milima ambayo hakuna aliyemtuma apande. Alifika kwetu apumzike wiki mbili, akakaa miaka. Upasuaji aliujua. Wako wanawake wengi wa milima ile walio hai kwa sababu ya mikono yake, na hilo silifichi hata leo nikiwa na hasira naye. Baadaye serikali ya kwao ikamfanya konseli wa heshima, mwakilishi wao asiye na mshahara, wa eneo lile, ingawa Wajerumani wenyewe walikuwa masista wachache na mfanyabiashara mmoja wa mbao. Akapewa bendera ndogo, akaifunga kwenye gari la hospitali. Tangu hapo ukimuuliza dawa ya malaria iko wapi anakujibu kama anahutubia bunge.

Alikuwa amesoma habari za wasafiri wa zamani wa kwao waliochanjiana undugu na machifu wa Afrika, na roho haikumtulia mpaka naye achanjiwe. Akamchagua Ramazani. Upande wa mama yake Ramazani walikuwa watu wa milimani, na mjomba wake alikuwa bado anaijua kazi hiyo. Kila mmoja hukatwa kidogo kifuani, damu yake ikapakwa kwenye kipande cha ini la kuku lililochomwa, na mwenzake akakila. Wakati mnatafuna, mzee anawasomea masharti. Ukimwona ndugu yako hatarini ukampa kisogo, damu hii ikudai. Ukiulizwa kama unamjua ukamkana, damu hii ikudai.

Ramazani alikuwa Mwislamu, na kula damu ni haramu. Alihangaika siku nzima. Hakutaka kumvunjia heshima mjomba wake, wala hakutaka kumkosea Mungu. Mwishowe alikibana kile kipande shavuni, akajifanya anatafuna, akaenda kukitema nyuma ya nyumba. Nilimwona. Daktari alikimeza chake, akalamba vidole, akaomba apigwe picha. Nilipomtania Ramazani kwamba undugu wake haukutimia, hakucheka. Aliniambia ini amelitema lakini maneno ameyasikia, na maneno hayatemeki.

Kuanzia siku hiyo daktari akawa shemeji yangu. Nilimpikia, nilimtania, alikula kwetu kila alipotaka, na nilimfulia mashati yake pamoja na ya mume wangu. Sikuwa naigiza.

Ndiyo sababu hatukuondoka mapema.

Vita kwetu ilitanguliwa na magodoro. Watu wa vijiji vya juu walianza kushuka wakiwa wamebeba magodoro kichwani, na mtu akibeba godoro ujue hategemei kurudi karibuni. Kisha wakapita askari wa serikali, wengine wameshatupa buti, wakichukua mbuzi na kuku njiani. Kaka yangu alituma habari kutoka Kigoma kwamba boti bado zinavuka, tuje. Nilifunga mzigo. Ramazani akaufungua.

Alisema ndugu yake bado yuko kazini na hawezi kumwacha peke yake na majeruhi. Na mimi, niseme ukweli, sikubishana sana. Niliamini kwamba ndege ikija kumchukua daktari itatuchukua na sisi, kwa kuwa mtu hamwachi ndugu yake uwanjani akapanda mwenyewe. Kila mtu milimani aliamini hivyo. Majirani walituonea wivu. Walisema sisi tumeshapona, tuna Mdachi.

Waasi waliingia asubuhi.

Hawakuja kwa fujo. Walikuja kwa miguu, mistari miwili, wakazunguka ua wa hospitali uliojaa watu waliokimbilia pale. Kamanda wao alikuwa kijana wa miwani, mpole wa kauli. Daktari alitoka na koti lake jeupe, akajitambulisha kuwa konseli, akaomba hospitali isiguswe. Kamanda akamsikiliza mpaka mwisho.

Kisha akasema kwamba kuna mtu ndani ya hospitali ile amekuwa akitangaza redioni mahali vijana wake walipo.

Ilikuwa kweli. Kila asubuhi daktari aliingia chumba cha redio akaongea na ubalozi wao: wapiganaji wamefika wapi, barabara ipi imefungwa, daraja lipi limevunjwa. Alituambia ndiyo kazi ya konseli. Ramazani aliwasha mtambo, akatafuta sauti, akatoka nje. Kijerumani hakujua hata salamu.

"Nani anashika redio?" kamanda akauliza.

Daktari alikaa kimya.

Nadhani Ramazani aliuona ukimya ule akauonea huruma. Alitoka kwenye kundi, akaenda kusimama bega kwa bega na ndugu yake.

"Fundi wa redio ni mimi," akasema.

Kamanda hakumwangalia. Alimwangalia daktari.

"Huyu ni mtu wako?"

Nilikuwa mlangoni mwa wodi, nimebeba mtoto aliyezaliwa alfajiri. Sikuwa mbali. Nilisikia kila neno.

"Ni mfanyakazi wa hospitali," daktari akasema. "Mambo ya redio anayajua yeye."

Ramazani aligeuka akamtazama.

Wakamchukua.

Nilimpa mtoto mama yake nikatoka mbio, lakini daktari alinishika mkono. Aliniambia nisiwafuate, atawafuata yeye, ana bendera, hawatamgusa. Akapanda gari akaelekea walikoelekea, njia ya darajani. Jua lilikuwa linapanda. Nilikaa chini palepale getini.

Alirudi peke yake baada ya saa nyingi. Alinawa uso bombani kabla ya kuja kwangu.

"Shemeji, wamemshika tu," akasema. "Yuko hai. Nimezungumza nao. Watamwachia nikishawatoa wageni."

Ndege ilitua kesho yake kwenye uwanja wa nyasi. Aliwapandisha masista, yule mtu wa mbao, na mbwa wa mtu wa mbao. Alinishika mikono yote miwili akaniambia nisiondoke hospitalini, atatuma gari litupeleke mimi na Ramazani mpakani. Nilimshukuru. Naandika neno hilo tena: nilimshukuru.

Gari halikuja. Yalikuja mabomu, kutoka upande gani mpaka leo sijui. Paa la wodi ya wazazi liliondoka. Tulitoka na wanawake walioweza kutembea, na tulioshindwa kuwabeba tuliwaacha. Nilivuka ziwa ndani ya boti iliyojaa, nimesimama njia nzima.

Sikuwa na jeraha hata moja.

Kwetu mwanamke akifiwa na mume hukaa eda. Miezi minne na siku kumi anatulia nyumbani, hajipambi, haposwi, na watu wanakuja kumpa pole na kumsikiliza anavyomtaja marehemu. Ikiisha, anaoga, anatoka, anaanza maisha yaliyobaki. Ujiji ile miaka ilikuwa na wajane wengi kutoka ng'ambo, na kila mmoja alikaa eda yake. Mimi sikukaa. Mume wangu alikuwa ameshikwa, hakuwa amekufa. Shemeji aliniambia kwa mdomo wake.

Miaka ilipopita, mama akanipeleka kwa kadhi. Kadhi akanieleza kwa upole kwamba mtu akipotea vitani muda mrefu namna ile, sheria ina njia ya kumhesabu kuwa amekufa, nami nikae eda niwe huru. Nilimkatalia kwa maneno ambayo mama aliyaombea radhi mpaka mlangoni. Kulikuwa na mwalimu mmoja, mpole, aliyeleta posa mara mbili. Nilimrudisha mara mbili, na mara ya pili nilimuuliza kama haoni haya kumposa mke wa mtu. Nilipiga simu ubalozi wa Ujerumani mpaka wakaizoea sauti yangu. Daktari aliingia rasmi kwenye kazi za kibalozi, wakaniambia. Mara yuko Asia, mara Amerika Kusini. Ujumbe wangu ulipokelewa. Siku zote ulipokelewa.

Ungeniuliza nilikuwa mke au mjane, nisingekujibu vizuri. Nilikuwa mtu anayesubiri gari.

Biashara ndiyo iliyonileta China. Nilianza na vitenge, nikawa natumwa na wenzangu, mwishowe nikahamia kabisa. Sasa nawatembeza wanunuzi wanaotoka nyumbani. Nawapeleka Shahe kwa nguo za bei ya chini, Zhongda kwa vitambaa, nawabishania bei, nasimamia mzigo mpaka upakiwe kontena. Kichina changu ni cha sokoni, lakini wenye maduka wananiogopa.

Mwaka huu alikuja mama mmoja wa Mwanza, Neema, mcheshi, Mkristo wa kanisani kila Jumapili. Alikuwa ananunua mashuka na nguo za upasuaji kwa ajili ya hospitali mpya kule kwao. Tulishinda Zhongda tukipapasa vitambaa. Kuna mwenye duka aliyetaka kutuuzia kitambaa chepesi kinachoonyesha mpaka upande wa pili.

"Laoban, hii meiyou," Neema akamwambia, kwa Kichina alichojifunza siku hiyohiyo: laoban ni bosi, meiyou ni hakuna. "Mgonjwa wangu ataonekana siri zake zote."

Nilicheka sana. Akaniambia mchana tutakula na mfadhili wa hospitali, mzee wa Kijerumani aliyekuja kuangalia vitanda vya upasuaji. Daktari, akasema, na balozi mstaafu, na Kiswahili chake kinampita yeye. Hata hapo sikushtuka. Wajerumani ni wengi duniani.

Nilimjua kwa sauti kabla sijamwona vizuri. Tulikuwa kwenye mgahawa wa Waislamu wa Kichina karibu na kwangu. Aliingia na fimbo, amekonda, nywele zimekwisha, akamwamkia Neema kwa Kiswahili kilekile cha milimani. Mimi nimenenepa, nimevaa miwani na mtandio. Alinipa mkono, akaniita "mama," akakaa. Nilimmiminia chai. Sijui niliwezaje kulenga kikombe.

Neema akamuuliza aliipataje lugha. Hapo akaanza kusimulia, na ilionekana ameshasimulia mara nyingi, maana alijua mahali pa kutulia na mahali pa kushusha sauti. Alisimulia hospitali, milima, vita. Akafungua kifungo cha shati akaonyesha kovu. Alisema alikuwa na ndugu wa damu, fundi wa Kiafrika, mtu jasiri, ambaye waasi walimtoa hospitalini wakampiga risasi njiani. Alimkimbilia na gari, akasema, wakawa wameshamaliza. Alimfia mikononi. Hospitali ya Mwanza anaijenga kwa kumkumbuka.

Neema alikuwa analia. Mimi nilikuwa nimeishika birika, moto wake siusikii.

"Shemeji," nikasema. "Mimi uliniambia wamemshika tu."

Aliinamia meza akanitazama usoni. Kisha uso wake ukabadilika, rangi ikamtoka, na nikaona amenijua.

"Tatu," akasema.

Nilikuwa na maneno ya miaka zaidi ya ishirini, yamepangwa vizuri, mengine ya matusi. Yote yalipotea. Nilibaki na swali moja tu.

"Ulimwona amekufa? Kwa macho yako?"

"Nilimwona."

"Siku ileile?"

"Siku ileile. Kabla ya adhuhuri. Walimwacha barabarani, upande huu wa daraja. Hakunifia mikononi. Sikushuka garini. Walikuwa wananitazama."

Neema alimgeukia, machozi bado yako shavuni. Nikamweleza Neema ya redio, mbele ya daktari mwenyewe, ilikuwa ya nani na nani alikuwa anaongea ndani yake. Daktari hakukanusha. Alitazama meza.

Nilimuuliza kwa nini alinidanganya. Akanijibu kama mtu aliyewahi kuulizwa na nafsi yake. Alisema ua ulikuwa umejaa watu. Ningepiga yowe, wangekimbilia getini, wangepigwa risasi. Alihitaji utulivu mpaka ndege ifike.

Nimeipima hoja hiyo. Nimeigeuza kila upande, maana watu waliojaa uani nawakumbuka kwa majina. Inawezekana ni kweli. Inawezekana uongo wake wa siku ile uliwaokoa wengine. Nilimwambia hivyo. Kisha nikamuuliza kuhusu mwezi uliofuata, na mwaka uliofuata, na simu zangu zote.

"Mwanzoni niliona aibu," akasema. "Baadaye nikawa nimeshazoea kuisimulia vingine."

Alitaka kunishika mikono. Nilisimama.

Sina maneno ya kupunguza hapa. Alimtoa mume wangu kafara ili yeye apite, kisha akamchukua tena akamfanya pambo la hadithi zake. Alimkana akiwa hai, akamkumbuka alipokuwa hawezi tena kumgharimu kitu. Waasi wale sikuwahi kuwatarajia mema, na sina cha kuwadai. Huyu alikula kwangu.

Mashuka niliyasimamia mpaka yakapakiwa bandarini Huangpu, kwa kuwa wagonjwa wa Mwanza hawakunikosea. Neema alinipigia simu kila siku, akilia kuliko mimi. Daktari sikumwona tena, na salamu zake nilizikataa.

Wiki hiyo nilikwenda kwa Ustadh Khatibu, Mzanzibari anayesafirisha vigae na kutuongoza katika mambo ya dini sisi Waswahili wa hapa. Nilimweleza yote. Nikamwambia nimepata shahidi, nimejua mume wangu amekufa, nataka kufunga kazi nikae eda yangu chumbani kwangu. Nilikuwa nimeshanunua nguo za kukalia eda. Nilikuwa nimeshawaambia wanunuzi wa mwezi ujao watafute mtu mwingine.

Alinisikiliza, akainamisha kichwa. Nilimwona anatafuta namna ya kulisema.

"Dada Tatu," akasema, "eda huhesabiwa tangu siku aliyofariki. Haihesabiwi tangu siku uliyojua. Yako ilikwisha zamani."

Ilikwisha nikiwa kwa mama, Ujiji. Ilikwisha nikiwa navaa kanga za rangi na kujitia hina kila Ijumaa, ili Ramazani akishuka kwenye boti asinikute nimechakaa. Siku eda ilipoisha nilikuwa huru, na sikuambiwa. Yule mwalimu aliponiposa nilikuwa huru. Mbele ya kadhi nilikuwa huru, nagombana.

Nilimuuliza ustadh sasa nifanye nini. Akasema hakuna ninachodaiwa. Tumsomee tu marehemu.

Tulimsomea chumbani kwangu, alasiri ya Jumapili, viatu vimejaa hadi kwenye ngazi. Walikuja Wazanzibari, watu wa Dar, Wakongo wawili, na Neema na kitambaa kichwani, akifuata midomo ya wenzake. Dua ilipofika kwenye jina lake, nililia. Sikulia kwa adabu. Nililia kama wanavyolia waliofiwa, mwili mzima, mpaka wanawake wakanishika.

Kulikuwa na binti mmoja mgeni, ametoka Dar juzi, hanijui. Nilimsikia anamuuliza jirani yake kwa sauti ya chini marehemu amefariki lini. Akajibiwa ni miaka mingi, zaidi ya ishirini. Akashangaa, akauliza sasa mbona mama wa watu analia hivi, kama kafiwa leo.

Mimi nilimsikia vizuri, na nikaendelea kulia.